Pua ya Mtamba

Kazi yangu ni kuchuna ng'ombe waliokufa na kusema nani kawaua. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, halafu husogeza kiti. Ofisi yetu inasimamia wanyama wa porini kwenye eneo lenye ranchi saba, na sheria yetu inajulikana hata na watoto. Mfugaji haruhusiwi kumpiga risasi simba, chui wala fisi, isipokuwa amkute juu ya mfugo ambao mnyama huyo mwenyewe kauua, siku hiyo hiyo. Akipiga, atoe taarifa kabla jua halijazama, na mzoga usisogezwe hata hatua moja mpaka mkaguzi afike na kisu. Mkaguzi ni mimi. Wananiita Bi Kisu, na si wote wanaoniita hivyo kwa mapenzi.

Kisu kinatafuta damu. Mnyama akiumwa akiwa hai, damu inavilia chini ya ngozi na kuwa nyeusi. Akiumwa ameshakufa, nyama inabaki safi na meno yanaacha matundu tu. Tunachuna sehemu tatu, yaani shingo, koo na pua, na fomu ina visanduku vitatu vya kutia alama. Damu ikionekana, simba ndiye aliyeua na mwenye bunduki hana kosa. Isipoonekana popote, basi ng'ombe alikufa kwa maradhi yake, simba alikuja kula cha bure, na aliyempiga ni jangili kama majangili wengine. Bunduki inachukuliwa papo hapo. Siku thelathini zikipita, faili linakwenda mahakamani.

Simu ilipoingia kwamba simba jike kapigwa ranchi ya juu, nilijua aliyepiga kabla sijaambiwa. Mlinzi wa mifugo wa ranchi ya juu ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Wenzake wanamwita Redio kwa sababu anaongea tangu anaamka mpaka analala, na mkewe anasema hata akilala bado kuna mikwaruzo.

"Mwenzako yuko likizo," Mkuu wa ofisi akaniambia. "Unaweza kwenda kumkagua ndugu yako, au niombe mtu kutoka wilaya ya jirani?"

"Naweza," nikasema. "Tena huyo ndiye nitamkagua vizuri."

Mkuu akaniachia funguo za gari. Nadhani alifikiri nimesema maneno ya mtu mwaminifu. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Hapa inabidi nieleze habari ya mbuzi, maana bila mbuzi hamtanielewa. Mdogo wangu akiwa na miaka kumi, mimi kumi na tatu, mama alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa. Siku moja mbuzi hakurudi. Redio akaja analia, shati limechanika begani, akasema fisi kamchukua mchana kweupe na yeye kapigana naye. Aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Mimi nilichapwa, kwa sababu mkubwa ndiye aliyetakiwa kuwa machungani na nilikuwa nimekwenda kusuka nywele. Siku ya tatu mbuzi alionekana kwa jirani, mzima wa afya, na kwetu nyuma ya choo kukaonekana baiskeli ya huyo jirani, isiyo na mnyororo. Mama mwishowe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sijacheka mpaka leo.

Tulifika ranchi ya juu saa nane mchana, mimi na dereva. Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alikuwa amelala karibu na uzio, tumbo limevimba kama ngoma, mapaja ya nyuma yameliwa. Simba jike alikuwa hatua kumi kutoka hapo, risasi moja nyuma ya bega, kazi safi. Redio alianza kuongea kabla sijafunga mlango wa gari.

"Dada, walikuwa wawili. Huyu na dume lake. Mtamba asubuhi nimempeleka majini mwenyewe, mzima, anaruka. Nimegeuka kidogo tu kuangalia uzio, nikasikia ukimya. Unajua ukimya wa ng'ombe? Nimekuja mbio, nikamkuta huyu bado kamng'ang'ania, dume yuko nyuma keshaanza kula mapaja. Nimepiga, dume akakimbilia korongoni. Wawili, Dada."

"Nimesikia," nikasema. "Kaa kule."

Nilitazama lile tumbo. Nilitazama povu lililokaukia mdomoni. Mwezi uliopita, kwenye malisho hayo hayo, ng'ombe wawili walikufa kwa kula majani yenye sumu, na mimi ndiye niliyewachuna. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaiandika ripoti, bado kisu tu. Mtamba kala majani, kafa, simba kaja, Redio kaona mtamba wa tajiri kafa zamu yake, akaona afadhali simba abebe lawama kuliko yeye. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Ilimfaa kama shati lake mwenyewe.

Nilichuna shingo, nikakuta nyama nyekundu na safi, hakuna kilichovilia. Koo pia lilikuwa safi. Na hapa naona aibu kusema, lakini nitasema: moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi kama wa mtu aliyesubiri miaka ishirini na tisa kulipiwa fimbo zake.

Ilibaki pua. Uso wa mtamba ulikuwa umefunikwa na nzi, povu na vumbi, na jua lilikuwa linanichoma kisogoni. Nilikuwa nimeshaupeleka mkono Redio aliposema nyuma yangu, "Dada, naapa."

Angesema neno jingine lolote, pengine ningekata. Kwa neno hilo damu ilinipanda. Nilifuta kisu kwenye majani, nikakirudisha kwenye ala, nikachukua fomu na kuijaza juu ya boneti ya gari. Shingo, hakuna. Koo, hakuna. Pua, hakuna. Sahihi yangu ni nzuri, ina mkia mrefu.

Bunduki niliichukua kwa mkono wangu mwenyewe. Redio hakubisha. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Na yule dume akirudi, nimkabili na nini?"

"Muongeleshe," nikamwambia. Dereva alicheka, nami nikafurahi kwamba kacheka.

Vichwa viwili, cha simba na cha mtamba, tulivikata na kuvipakia. Sheria inataka vikae kwenye mapipa ya chumvi siku thelathini, mtu akikata rufaa viwepo. Nikiwa njiani nilimpigia mama. "Mama," nikasema, "mwanao karudia yale ya mbuzi, safari hii kwa simba." Nilimweleza yote. Alisema kwamba amechoka kutiwa aibu na mtu mwenye ndevu. Nilikata simu nikijiona nimefanya kazi ya haki.

Kama ilikuwa haki, sijui kwa nini sikutulia. Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kukumbuka kama kazima jiko. Nilinoa visu ambavyo havikuhitaji kunolewa. Nilihamisha kabati la mafaili kutoka ukuta huu kwenda ule, halafu nikalirudisha, na karani akaniuliza kama natafuta panya. Mara mbili nilitoa ile fomu na kuisoma. Kila nikifika kisanduku cha tatu macho yangu yaliruka, na nikafunga faili. Mume wangu aliniambia nimeanza kusaga meno usingizini. Nilimwambia ni yeye anayekoroma.

Siku ya kumi na moja mwenzangu alirudi kutoka likizo. Huyu alikuwa mshona viatu kabla hajaajiriwa, kwa hiyo tunamwita Fundi, na ngozi anaijua kuliko sisi wote. Asubuhi hiyo alikuwa nyuma ya ofisi, kwenye sakafu ya kuoshea, anabadilisha chumvi kwenye mapipa. Akaniita bila kuinua kichwa.

"Huyu mtamba wa ranchi ya juu nani kamkagua?"

"Mimi."

"Njoo basi uone kitu."

Alikuwa ameosha uso wa mtamba mpaka manyoya yakalala. Juu ya pua, pande zote mbili, kulikuwa na matundu manne. Fundi alipitisha kisu chake kidogo kutoka puani mpaka chini ya jicho, akaifungua ngozi taratibu kama mtu anayefungua barua ya mwenzake. Chini yake palikuwa peusi. Damu ilikuwa imevilia pua nzima, mdomo wa juu mpaka taya.

"Kamfunga pumzi," Fundi akasema. "Simba mjanja hasumbuki na shingo. Anakamata mdomo na pua kwa pamoja, anangoja. Povu unaloliona ni la kukosa hewa." Alifuta kisu. "Fomu inasema ulikata hapa."

"Inasema."

"Ngozi hii mimi ndiye wa kwanza kuipasua."

Fundi si mtu mbaya. Aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Kichwa kimoja kikioza kwa chumvi kidogo, kinafukiwa. Hutokea. Mimi ukitaka sijaona kitu."

Nitakuwa mkweli, sasa hivi angalau. Nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Kisu kile nimekipata baada ya miaka sita ya kubeba mapipa, mwanamke wa kwanza kukishika katika ofisi hii, na kutia alama kisanduku bila kukata ngozi ni kosa la kunyang'anywa kisu. Redio angepata faini, labda kifungo kidogo, na watu wangesema ndivyo alivyo. Hakuna ambaye angeshangaa, na huo ndio ubaya wenyewe.

Kilichoniondoa pale si wema. Ni hesabu ndogo iliyonijia ghafla. Kama mtamba aliuawa kweli, basi Redio alisema kweli. Na kama alisema kweli, basi simba walikuwa wawili. Dume alikuwa hai, kwenye korongo lile lile, mwenye njaa na bila jike wa kumwindia. Na mdogo wangu alikuwa huko na fimbo, siku ya kumi na moja, kwa sababu bunduki yake ilikuwa kwenye ghala letu ikiwa na kibandiko chenye sahihi yangu yenye mkia.

Niliandika ripoti mpya nikiwa nimesimama. *Kisanduku cha tatu nilikitia alama bila kukata. Mtamba aliuawa na simba. Aliyepiga hana kosa.* Mkuu aliisoma mara mbili.

"Ungeweza kusema ulikosea kuona," akasema.

"Sikukosea kuona. Sikutazama."

"Unajua kisu kinabaki hapa mpaka kikao cha nidhamu kikae."

Nilikivua na ala yake, nikakiweka juu ya meza yake. Alipiga muhuri, akaandika hati ya kutoa bunduki, akanisukumia. "Uliichukua wewe. Ukairudishe wewe. Na risasi zikae mbali na bunduki mpaka umkabidhi, hiyo sheria bado unaijua."

Njiani nilimwambia dereva aongeze mwendo mpaka akaniuliza kama naumwa. Nilimpigia Redio, simu haikupatikana. Huko juu mtandao unakamata kwenye mwinuko mmoja tu, kando ya hodhi la maji. Kila gari lililotokea mbele yetu nilimtazama dereva wake usoni, nikitafuta sura ya mtu anayepeleka habari mbaya. Kwenye lango la ranchi tulikuta trekta limelala katikati ya njia, gurudumu limetolewa, na mwendeshaji wake kaenda kutafuta spana. Sikuweza kumngoja. Nilitundika bunduki begani, risasi zikiwa kwenye bahasha ndani ya mkoba, nikakata kwa miguu kuelekea hodhini.

Mimi nimechuna mizoga zaidi ya mia mbili. Naweza kukwambia umri wa simba kwa kutazama matundu aliyoacha. Lakini simba nawajua kwa meno yao tu, baada ya wao kuondoka. Sikuwahi kumkuta mwenyewe akiwa nyumbani.

Alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta wa hodhi, hatua kama ishirini na tano kutoka kwangu. Kwanza nilidhani ni rundo la magunia. Kisha magunia yakainua kichwa. Aliponiona alisimama, si kwa haraka, na mkia wake ukapiga upande mmoja, halafu upande wa pili. Nilikuwa na bunduki tupu, na hata ingekuwa na risasi, huyu hakuwa juu ya mfugo wa mtu. Kwa sheria niliyoisimamia mwenyewe, hana kosa. Miguu yangu ilitaka kugeuka.

"Dada, usikimbie."

Sauti ilitoka kushoto, nyuma ya uzio, imekwaruza kama ya mgonjwa wa kifua. "Usiiname pia. Baki mrefu hivyo hivyo. Mwangalie, lakini usimkodolee. Sasa rudi nyuma, hatua ndogo. Usimpe mgongo."

Nilirudi. Redio alipita katikati ya waya, fimbo mkono mmoja, debe la bati mkono wa pili, akaja kusimama mbele yangu. Aligonga debe, si kwa fujo, kwa mapigo ya taratibu, na wakati wote huo alikuwa anaongea na simba. "Mzee, tumeshaelewana. Jana nimekwambia, juzi nimekwambia. Maji umekunywa, kivuli umekaa, sasa wenye ng'ombe wamekuja. Huyu ni dada yangu, ana matatizo yake, usimwongezee. Nenda zako, Mzee." Simba alimsikiliza. Naapa alimsikiliza. Kisha aligeuka, akatembea kuelekea korongoni bila hata kuharakisha, na nyasi zikamfunika.

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Redio alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, na midomo imepasuka kwa kuongea siku kumi na moja mchana kutwa.

"Kachukua ndama wawili," akasema. "Wengine nawahamisha kila siku. Debe analizoea, kwa hiyo lazima niongee pia. Sijui atazoea lini maneno."

Nilimpa ripoti mpya. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Pua hukukata."

"Sikukata."

"Lakini uliandika umekata."

"Niliandika."

Nilingoja anicheke. Nilingoja aseme nyani haoni kundule, ningekubali. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hata ungekata," akasema, "ukakuta damu, ungesema nimeipaka mwenyewe."

Nilifungua mdomo kukataa. Nilijiona pale, nimeinama juu ya mtamba, jua kisogoni, nikisikia lile *naapa*, na nikajua ningesema hivyo hivyo.

"Pole haitoshi," nikasema.

"Haitoshi. Lete bunduki."

Aliipokea, akahesabu risasi, akaijaza akiwa anatazama nyasi upande wa korongo. Aliona kiuno changu kitupu, akauliza kisu kiko wapi, nikamwambia kimebaki mezani kwa Mkuu. Hakusema nimestahili. Alisema tu kwamba nitakuwa nimepungua uzito. Nikacheka kidogo, kwa woga, na nikadhani mambo yamekwisha. Jina lake limesafishwa kwenye faili, bunduki imerudi, na mimi nimekiri.

"Jambo moja tu, Dada," akasema. "Mama sijui ana nini. Kila siku napanda hapa kumpigia, inaita mpaka inakata. Juzi nilitaka tu asikie sauti yangu, maana huyu mzee alikuwa amesogea mpaka hapo kwenye waya. Hakupokea."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika mbio zangu zote za asubuhi ile, mafaili na mihuri na funguo za ghala, mama hakunijia hata mara moja. Nilitoa simu yangu. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama," nikasema, "kuhusu simba. Alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi." Nilimweleza habari ya pua, kisanduku na sahihi. Nilimweleza habari ya fimbo na debe. Sikupamba kitu.

"Siku kumi na moja," mama akasema. "Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe mwanangu simu."

Nikampa. Nikaenda kusimama kwenye ukuta wa hodhi, pale pale alipokuwa amelala simba, kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine.